Zima Redio Kwanza

Kevo, wewe ndiye uliyeuliza, kwa hivyo jibu nalielekeza kwako, lakini wengine wote wa kikundi chetu cha wapiga picha wa Kitale sogeeni pia. Swali lilikuwa hivi: picha ya kawaida, ile isiyotembea, tukiiweka mtandaoni tuitie muziki au tuiache ilivyo? Wewe ukasema bila muziki hakuna atakayeitazama. Mwingine akasema muziki unaimeza picha. Mkabishana siku mbili, kisha mkanigeukia mimi bibi yenu: "Mbona Shosh amenyamaza? Shosh, sema kitu."

Nilinyamaza kwa sababu muziki uliwahi kuniaibisha Bungoma nzima, na mambo ya namna hiyo hayaandikwi kwa kidole kimoja kwenye simu. Wewe Kevo unajua nusu ya hadithi. Hawa wengine hawajui lolote. Basi nimekaa na kalamu, na birika la chai liko karibu.

Kazi nilijifunzia Bungoma, kwa Mzee Wafula. Siku hizo hakuwa mzee, alikuwa bwana mwenye suruali iliyopigwa pasi na kamera moja aliyoifuta kuliko nilivyoona watu wakifuta vyombo vya kanisani. Mimi nilikuwa binti wa Kikuyu kutoka shamba la mahindi nje ya Kiminini, nimemaliza shule, sijui hili wala lile. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani. Ndani kulikuwa na pazia lililochorwa ndege na maua, koti moja la kuazima lenye tai iliyokwisha kufungwa, na simu ya mezani isiyo na waya ambayo kila mteja alitaka kuishika sikioni. Juu ya rafu kulikuwa na redio. Nilidhani redio ni ya kutuburudisha sisi.

Haikuwa yetu. Mtu akija kupigwa picha, huja na uso wa kupigwa picha. Mnaujua. Shingo imekazwa, macho yametolewa kama anaulizwa maswali na polisi. Nyinyi siku hizi mnamwambia acheke, naye anacheka meno matupu. Mzee Wafula hakumwambia mtu acheke hata siku moja. Alifungua redio, akatafuta wimbo, akaanza kupangusa lenzi ambayo haikuwa na vumbi. Wimbo unaendelea, mteja anasahau shingo yake, kidole kinaanza kugonga goti. Halafu, katikati ya wimbo, Mzee Wafula anazima redio. Pap!

Hapo ndipo picha ilipo. Wimbo ukikatika ghafla, mtu huinua uso kidogo, akautafuta. Anasikiliza. Nami nilifundishwa kuhesabu. Moja, bado anashtuka. Mbili, anasikiliza. Tatu, ameshaanza kuwaza ng'ombe wake. "Bonyeza kwa mbili, Wambui," alikuwa akiniambia. "Kwa tatu utapata picha ya ng'ombe."

Nikiwa naye nilifanya makosa mengi, na moja nitalikumbuka hadi kaburini. Alikuja mtu mmoja, akasema kesho anataka mpiga picha kwao, nje kidogo ya mji, apige "picha ya mahali". Mzee hakuwepo. Mimi nikaandika kwenye daftari: mahali. Nikawaza ni mambo ya shamba, labda wanagombania mpaka. Kesho yake nikaenda asubuhi na mapema. Nikapiga lango, nikapiga ua, nikapiga ghala, nikapiga hata choo ili wasije wakasema nimebakisha. Watu wa boma walikuwa wanapika masufuria makubwa, wakanitazama tu. Saa sita nikawaaga. Jioni Mzee Wafula akatoka chumba cha giza na picha zinazodondoka maji, akaniuliza kwa upole, "Wambui, ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe gani?"

"Ya mahali!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Yule mtu alitaka picha ya mahari. Ng'ombe wa binti yao walifika saa nane, wazee wakajipanga, na mpiga picha alikuwa ameshaondoka na picha kumi na mbili za ua. Kwa Wabukusu wengi, wenyeji wa Bungoma, l na r hubadilishana viti, na sisi Wakikuyu tukiongeza zetu, basi kazi ipo. Mzee alicheka hadi akakaa chini. Kisha akafunga kamera kwenye baiskeli, akaenda mwenyewe kwa ile familia, akawaambia filamu ilikuwa mbovu na kosa ni lake. Ng'ombe wakatolewa tena zizini, wazee wakavaa makoti tena. Hakunitaja. Alilivaa kosa langu kama lile koti la studio, na halikumtosha, lakini alilivaa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mtu aliyenifanyia hivyo, mimi nilimwacha bila kumuaga.

Nilisikia kuna chumba Kitale, karibu na soko, kinafaa studio. Niliogopa kumwambia. Nilijua hatanikataza, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi. Siku aliyokwenda Webuye kupiga picha za wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, nilimwachia fundi cherehani ufunguo, nikaenda zangu. Nikajiambia nitaandika barua nikishatulia. Nilitulia, na barua sikuandika. Ukikawia mwezi una aibu, ukikawia mwaka una aibu mara kumi na mbili, na baada ya hapo unaanza kupita mbali na mji wa mtu.

Kitale nilinunua redio kabla sijanunua pazia. Nikafanya ule ujanja wake miaka yote. Wateja walikuwa wakisema picha za Mama Studio zina kitu, watu wa ndani wanaonekana kama wanakuskiza. Wakiniuliza nimejifunzia wapi, nilijibu ni Mungu tu amenijalia. Mungu alinijalia, ndiyo, lakini alipitia kwa Wafula, na jina hilo sikulitaja.

Ujanja wenyewe ulinigeuka mara moja, hili nawaambia mcheke kidogo. Bwana na bibi harusi walitoka Moi's Bridge, wamependeza, nimewaweka, nimefungua redio. Nikasahau kutazama saa. Wimbo ukaisha, ikafika saa ya matangazo ya vifo, na kabla mkono wangu haujafika kwenye redio mtangazaji ameshaanza: habari ziwafikie watu wa ukoo wa fulani, popote walipo. Wale maharusi wakatega sikio kama kila Mkenya wa siku hizo, wasije wakatajiwa mtu wao. Nikazima, nikahesabu mbili, nikabonyeza. Kwenye picha wameshikana mikono wakionekana wafiwa. Walipokuja kuichukua, bwana harusi aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Iko sawa. Inaonyesha hatukuwa tunacheza na ndoa." Tangu hapo nilijua sauti yoyote utakayomwekea mtu hukaa usoni pake. Ningelikumbuka hilo baadaye, ningejiokoa.

Simu zilipoingia kila mfuko nilifunga studio. Ndipo mkaniingiza katika kikundi hiki, na Kevo, kijana wa harusi za Kiminini, ukaniazima subira yako. Ukanionyesha jinsi ya kupiga picha za zamani upya kwa simu na kuziweka mtandaoni. Katika maboksi yangu nilikuwa na picha kumi na mbili za Bungoma: Mzee Wafula na kamera yake, pazia la ndege, wateja, wafanyakazi wa Webuye, na mimi mwenyewe nikiwa mwembamba kama ufagio. Nikakwambia nataka kumshukuru mwalimu wangu mbele za watu. Sikukwambia kwamba nilitaka kuomba msamaha na sina ujasiri wa kwenda kwake. Niliona ni rahisi kuomba msamaha kwa dunia nzima kuliko kwa mtu mmoja.

"Shosh, lazima tuweke ngoma," ukaniambia. "Picha ikikaa kimya hivo watu wanaskroli tu bana."

Nikasema basi tuweke ya kwao, yenye litungu, kile kinubi chao, nyuzi zile ninazozipenda. Ukatafuta, ukapata moja. Kibukusu changu ni cha sokoni, lakini nilisikia mwimbaji akirudiarudia "mulembe, mulembe," nikafurahi kabisa. Si ndiyo salamu yao? Nikaona ni wimbo wa kusalimia. Juu ya picha ya Mzee nikaandika: *Asante kwa yote, Mwalimu wangu.*

Mmeshaona? Mimi sikuona. Picha za mzee zinapita polepole, litungu linalia, na juu yake "asante kwa yote". Hapa kwetu hiyo haina tafsiri mbili.

Asubuhi ile niliiweka, nikaenda shambani kupalilia maharagwe. Niliporudi saa nane simu ilikuwa imejaa. "Pole sana Mama Studio." "Bungoma tumepoteza mtu." "Safiri salama, Mzee wa picha." Mishumaa na mikono iliyokunjwa, safu kwa safu. Na walioandika walikuwa watu wa Bungoma, wengine majirani zake. Nikasema hawa wanajua. Nikasema amekufa, nami nilikuwa nimechelewa kwa siku moja au mbili baada ya kuchelewa maisha yangu yote.

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni na jembe miguuni nikalia kama mtoto. Nilimpenda yule mtu kama baba na sikuwahi kumwambia. Katikati ya machozi nikaona mmoja ameandika, "Mungu amlaze mahari pema." Nikacheka, huku nalia, kwa sauti, hadi kuku wakakimbia. Nikawaona wale ng'ombe wakitolewa zizini mara ya pili kwa ajili yangu. Nikazidi kulia.

Kama saa kumi hivi ikaita namba nisiyoijua.

"Haro, Wambui."

Sauti ilikuwa imezeeka, lakini hakuna mwingine aliyekuwa akinivuta jina hivyo mwishoni.

"Nauriza tu," akasema. "Nimekufa rini?"

"Mzee? Uko hai?"

"Si hiyo ndio nauriza wewe. Nimekaa hapa nakula ndizi, watu wanaingia kwa mlango wakilia. Akina mama wa kanisa wameleta unga. Nekesa ananionyesha simu, ati ni Wambui amenizika."

Nekesa ni binti yake. Nyuma nilisikia watu wakicheka na mtu mmoja bado akilia, labda alikuwa hajaambiwa. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakapandana. Akanikata.

"Usiniambie kwa simu. Umenizika kwa simu, utaniondoa kwa kaburi na miguu yako. Kesho."

Kevo, wewe nilikuita twende ukasema una harusi. Siku ya Ijumaa! Nilijua unaogopa, na sikukulaumu, maana hata mimi nilishuka Bungoma naogopa. Njia nzima, Kiminini hadi Webuye na kuendelea, nilikuwa napanga maneno. Nikafika langoni bado nayapanga.

Viti vya plastiki vilikuwa bado vimepangwa uani, maana majirani walisema hawawezi kuvirudisha kabla ya kumwona aliyewaita. Akina mama wa kanisa walikuwa wanapika ule unga wao. Kulikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi zamani katika kile kiwanda cha karatasi, amekuja matanga na picha yake ya ujana ndani ya bahasha, ile aliyopigwa na Wafula. Na katikati ya watu wote, amevaa koti, suruali imepigwa pasi, maiti yangu.

"Mulembe," akaniambia.

Neno hilohilo ndilo lililomzika jana, kwa hivyo sikuliamini. "Mzee," nikasema, "hiyo ni ya kuja au ya kwenda?"

Watu wakaangua kicheko. Ndipo Nekesa akanieleza ule wimbo. Mulembe ni amani, na amani mtu hupewa akifika na hupewa akiondoka. Wimbo niliomwekea baba yake ni ule wanaomwimbia mtu akitolewa nyumbani mara ya mwisho.

"Hii ni ya kuja," akasema Mzee Wafula. "Ya kwenda uliniimbia jana. Kalibu, Wambui. Kaa."

Nilikaa karibu na goti lake, na mbele ya wale watu wote nikasema. Kwamba niliondoka bila kuaga, kwamba ujanja wa redio niliubeba hadi Kitale nikajenga nyumba nao, na kwamba nilipoulizwa nilisema ni kipaji. Nilisema huku natazama viatu vyake. Kisha akasema, "Ile kitu ya ledio unasema uriiba?"

"Ndiyo."

"Mimi nilitoa kwa kinyozi." Akakuna kidevu. "Kinyozi wa Webuye. Alikuwa anaimba akinyoa. Akifika kwa shingo ananyamaza, na wewe unakaa ngumu kabisa kusikiza. Basi nikasema hii itafaa picha. Sasa hata mimi ningeenda kuomba kinyozi msamaha, lakini huyo amekufa kweli kweli." Halafu akaniwekea mkono kichwani, mkono mwepesi, umebaki mifupa, akasema taratibu, "Kitu ya kuniuma haikuwa ledio. Nilikuwa nafungua mlango asubuhi nikiita jina yako. Nilifanya hivyo mpaka fundi akanikataza."

Hilo ndilo jibu nililolikimbia miaka yote, na nililistahili.

Akataka kuona picha zilizomuua. Nikampa simu. Akazitazama na ule wimbo wake, kichwa kikiyumba kidogo, hata akamsifu mpiga litungu. Zikaisha. Akasema, "Sasa zima hiyo sauti. Anza tena."

Tukatazama kimya. Yule bwana wa Webuye akainama nyuma yetu na bahasha yake. Jamani, nilikuwa nimeziona picha zile mara mia, lakini na wimbo juu yake sikuziona. Kila mtu ndani yake ameinua uso kidogo. Kila mtu amesimamisha kidole gotini. Mama mmoja na mtoto wake wamegeuzia sikio upande mmoja, kule kulikokuwa na rafu.

"Unaona hawa?" akasema Mzee Wafula. "Hawa wote wanasikiza. Wewe umechukua mtu anasikiza, ukamupigia kelele kwa sikio. Sasa atasikia nini?"

Kevo, jibu lako ni hilo, na si langu. Mimi sisemi muziki ni adui wa picha. Bila muziki nisingekuwa na picha hata moja ya kuwaonyesha. Ila wimbo una zamu yake, na zamu yake ni kabla. Ukiona ni lazima uuweke juu ya picha, basi kwanza tafuta wenye wimbo, uwaulize unaimbwa lini. Usiseme unajua kwa sababu umesikia neno moja la salamu. Na kabla ya kuuweka, itazame picha ikiwa kimya, uone kama watu wake hawajaanza kusikiliza kitu tayari.

Kabla sijaondoka Mzee alitaka picha. Akanivuta kiti kando yake, akamwambia Nekesa ashike simu yangu. Kisha akaagiza ule wimbo ufunguliwe kwenye simu nyingine kwa sauti yote. Akina mama wa kanisa wakaanza kuupokea, maana wanaujua, na yule bwana wa Webuye akawa anapiga makofi. Marehemu mwenyewe aliimba kuliko wote. Nami nilisahau shingo yangu.

"Zima," akasema.

Nekesa alibonyeza kwenye mbili. Amefundishwa na baba yake.

Picha hiyo niliiweka siku iliyofuata bila wimbo wowote, na chini yake nikaandika jina lake kamili na kwamba yu hai na ndiye aliyenifundisha kazi. Ulinionya, Kevo, na ulisema kweli: walioitazama walikuwa wachache. Lakini kuna mtu mmoja, simjui, aliyeandika hivi: "Mama, nyinyi wawili mnasikiliza nini?"

Nikampigia Mzee Wafula nikamsomea lile swali. Hakusema neno. Mwanzoni nilidhani simu imekatika, ndipo nikasikia anavyopumua, na mbali kidogo kuku wa Nekesa. Nikajikuta nahesabu. Moja. Mbili.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, Mzee."